Kanisa la fremu, kanisa kubwa la Kihispania au kanisa la lugha mbili: familia ya Kilatino iabudu wapi Marekani?

Binti yetu anatimiza miaka 15 mwakani, na kwa ndugu wa mke wangu umri huo si wa kukatiwa keki tu. Mke wangu kwao ni El Salvador, mimi ni Mtanzania, tulikutana Houston na wote wawili tumeokoka. Kwa Walatino wengi msichana akifika 15 hufanyiwa quinceañera: gauni kubwa kama la bibi harusi, misa, chakula, kisha dansi mpaka usiku. Sasa misa ni ya Kikatoliki, dansi wanaiita ya dunia, na mama mkwe wangu ni Mpentekoste wa miaka thelathini anayelala na Biblia chini ya mto. Tumepita makanisa matatu tangu tuoane, na kila moja lingetupa jibu lake kuhusu siku hiyo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwa familia kama yetu, ukichagua pa kuabudu umechagua pia watoto watajiita watu wa wapi.

Nayaandika haya kwa wenzangu waliooa au kuolewa na Walatino, kwa rafiki zao wanaoombwa ushauri, na kwa Waswahili wa ughaibuni ambao njia hii wataipita na watoto wao wenyewe.

Kwanza tuelewane kuhusu uzito wa jambo. Kwa Mmeksiko wa zamani, kuwa Mmeksiko na kumheshimu Bikira wa Guadalupe kila tarehe 12 Desemba vilikuwa kitu kimoja. Aliyeokoka aliitwa kwa dhihaka “aleluya”, kama sisi tulivyoitwa walokole, na ndugu walimwona ameuza ukoo wake kwa dini ya Wamarekani. Lakini Upentekoste wa Kilatino si wa jana. Kwenye uamsho wa Azusa Street, Los Angeles, mwaka 1906, chini ya William J. Seymour, mhubiri mweusi, Wameksiko walikuwemo tangu mwanzo. Abundio na Rosa López, mume na mke, waliacha ushuhuda wao kwenye gazeti la uamsho mwaka huohuo. Basi anayesema hii ni dini ya kuazima afahamu kwamba Walatino wanayo kwa zaidi ya karne.

Leo ushindani wenyewe umehama. Kituo cha utafiti cha Pew kilikuta kwamba kati ya 2010 na 2022 Walatino watu wazima wanaojiita Wakatoliki walishuka kutoka 67% hadi 43%. Waprotestanti walikuwa 21%. Wasio na dini walipanda kutoka 10% hadi 30%, na kwa vijana wa miaka 18 hadi 29 walikaribia nusu. Kwa hiyo mzazi aliyeokoka anayehofia mtoto wake kurudi kwenye sanamu anatazama mlango ambao watoto hawautumii. Wanatokea mlango mwingine kabisa.

Makanisa ninayoyalinganisha ni ya aina tatu. La kwanza ni la fremu: chumba cha duka cha kupanga, kati ya saluni na duka la matairi, watu arobaini hadi mia, wengi wa nchi moja au hata mji mmoja. La pili ni kanisa kubwa la Kihispania, lenye watu wa nchi kumi na zaidi, mara nyingi chini ya dhehebu lenye jina kama Assemblies of God. La tatu ni la lugha mbili au la Kiingereza, linaloongozwa na Walatino waliozaliwa Marekani na kupokea watu wa kila rangi. Nitayapima yote kwa mambo sita: lugha, nani anahesabiwa “sisi”, mila za nyumbani, watoto, msaada siku ya shida, na uongozi.

Lugha

Kwenye fremu unasikia Kihispania cha nyumbani, na tofauti zake ni kubwa kuliko mgeni anavyodhani. Watu wa El Salvador wakizoeana huitana “vos”, Wameksiko huitana “tú”, na yote mawili ni “wewe”. Mama mkwe alianza kuniita vos siku alipoacha kunionea wasiwasi, nami nikajua nimekubaliwa. Akifunga macho kuomba anahamia tú, kwa sababu ndivyo Biblia yao ya Reina-Valera inavyosema na Mungu. Kwenye fremu yake vyote viwili vina mahali: vos jikoni, tú madhabahuni. Wapo hata wasiotumia Kihispania kama lugha ya moyo. Los Angeles kuna Wamaya wa Guatemala wanaoomba kwa Kikanjobal, na kwao kanisa dogo ndilo mahali pekee, nje ya nyumba, ambapo lugha hiyo inashika kipaza sauti.

Kanisa kubwa linasawazisha. Mhubiri hujifunza kukwepa maneno yanayoumiza upande mmoja. Kitenzi “coger” kwa mtu wa Puerto Rico ni kuchukua, hata kuchukua basi. Kwa Mmeksiko ni tusi. Niliona mhubiri mgeni akilitamka mara tatu kwenye hubiri moja huku nusu ya ukumbi ikitazama viatu vyake. Kinachobaki baada ya miaka ni Kihispania safi cha mimbarani, ambacho si cha mji wowote. Waswahili tunakijua hiki: mkusanye Mkongomani wa Bukavu, Mrundi na mtu wa Tanga kwenye ibada moja ya Kiswahili kule Ohio au Texas, na baada ya mwaka kila mmoja ameacha kitu chake mlangoni.

Kwenye kanisa la lugha mbili maneno ya pambio yanapita ukutani kwa lugha zote mbili, na hubiri hutafsiriwa sentensi kwa sentensi au kupitia visikilizi. Vijana wanapumua. Wazee wanachoka. Jumapili yetu ya kwanza pale, mama mkwe alivumilia visikilizi kama dakika ishirini, akavivua, akavifunga kwenye leso yake na kuviweka mapajani, kisha akaendelea kumtazama mhubiri akisema “amén” kila watu walipoitikia. Hakulalamika njiani. Aliuliza tu kama tutarudi tena wiki ijayo.

Nani anahesabiwa “sisi”

Fremu inakufanya uendelee kuwa mtu wa kwenu. Habari za San Miguel, mji wa mama mkwe kule El Salvador, zinafika kanisani kabla ya kufika kwenye taarifa ya habari, na anayefiwa kule anachangiwa huku. Ubaya wake ni kwamba anayetoka nchi nyingine anabaki mgeni hata akikaa miaka, na ugomvi wa ukoo uliovuka mpaka unaweza kukaa safu ya pili kila Jumapili.

Kanisa kubwa linazalisha mtu mpya: Mlatino. Hili watu hawalioni. Hakuna anayezaliwa Mlatino huko San Salvador, El Salvador, au Ponce, Puerto Rico. Mtu anazaliwa wa nchi yake, Ulatino anakutana nao Marekani. Historia ya Francisco Olazábal inaonyesha vizuri. Mhubiri huyu mzaliwa wa Sinaloa, Meksiko, aliachana na Assemblies of God kwa sababu mambo ya Wameksiko yalikuwa yakiamuliwa na Wazungu, na mwaka 1923, Texas, akaanzisha baraza lake lililobeba jina la Kimeksiko. Mwaka 1931 akahubiri na kuombea wagonjwa Harlem, New York, na watu wa Puerto Rico wakamiminika kwa maelfu. Katika miaka hiyo ya 1930 jina la baraza likabadilika, likawa la Amerika ya Kilatini. Walioingia walibadilisha jina la nyumba. Ukienda kanisa kubwa leo ukaona bendera ishirini zimepangwa ukutani, unaona kazi hiyohiyo ikiendelea.

Kanisa la lugha mbili linasema sisi ni familia ya Mungu kwanza, asili baadaye. Wengine husikia humo kufutwa, na ninawaelewa. Lakini Kiingereza hakimfuti Mlatino peke yake. Victory Outreach, iliyoanzishwa 1967 Los Angeles mashariki na Sonny Arguinzoni, kijana wa asili ya Puerto Rico aliyetoka kwenye heroini, ilihubiri kwa Kiingereza cha mitaani kwa watoto wa magenge na watumiaji wa dawa. Humo kulikuwa na Uchikano, yaani fahari ya Wameksiko waliozaliwa Marekani, wa wazi kabisa: mavazi, lafudhi, magari, ushuhuda wa mtaa. Kwa watoto hao, Kihispania cha bibi kilikuwa kigeni na Kiingereza cha shuleni pia. Ule mtaa ndio uliokuwa asili yao.

Mila za nyumbani

Hapa fremu ina sura mbili. Inakataza sana: pombe, dansi, sanamu, siku za watakatifu. Mama mkwe alikulia mji ambao Novemba yote ni ya Bikira wa Amani na karnivali. Tangu aokoke hauzungumzii mwezi huo. Madhehebu kama Asamblea Apostólica, yenye mizizi California ya miaka ya 1910, yanataka pia akina mama wajifunike kitambaa wakati wa kuomba. Lakini kinachofungwa mlango wa mbele kinaingia jikoni. Jumamosi asubuhi kwenye fremu yao nimesimama nikitazama akina mama sita wakitengeneza pupusa za kuuza kwa ajili ya jengo: donge la unga wa mahindi linazungushwa kiganjani, linatobolewa kwa kidole gumba, linajazwa maharage, jibini na maua ya loroco, linafungwa, linapigwapigwa likawa bapa, huku mmoja akianzisha pambio na mikono ikishika mapigo yake. Binti yangu alitoboa ya kwake ikapasuka. Mwanamke wa pembeni akaichukua bila kuacha kuimba, akaibana, akamrudishia. Hivihivi tu, bila somo wala mtaala, mtoto alifundishwa El Salvador pale. Muziki nao hivyohivyo: akodiani ya kaskazini mwa Meksiko na güiro, ala ya kukwaruza ya Puerto Rico, zilishaokoka zamani.

Kwa quinceañera, baadhi ya makanisa ya fremu yanakataa kabisa, mengine yanaigeuza ibada ya shukrani: gauni lipo, maombi ya kuwekewa mikono yapo, dansi na bia hakuna.

Kanisa kubwa lina kalenda ya mila, kama tamasha la vyakula na siku ya bendera. Ni nzuri, inapendeza, na inafundisha watoto majina ya nchi za jirani. Ila mila inageuka kuwa ya kutazama zaidi kuliko ya kufanya. Kanisa la lugha mbili ndilo lililo huru zaidi: quinceañera utafanyiwa, hata DJ anaweza kuruhusiwa. Linalokosekana ni wazee wa kueleza kwa nini inafanywa.

Watoto

Hili ndilo lililotutoa kwenye fremu, na sitaki kulipamba. Mwanangu alikuwa na miaka minane alipoanza kuleta kitabu cha kupaka rangi kanisani na kutoinua kichwa saa mbili nzima. Kihispania cha kuagizwa mkate anakijua. Cha waraka kwa Warumi hakijui. Shule ya Jumapili ilikuwa na mwalimu mmoja kwa watoto wa miaka minne hadi kumi na mbili. Nyumbani, akiombea chakula, aliomba kwa Kiingereza, haraka, kwa sauti ya chini, kama anaomba radhi kwa bibi yake.

Pew mwaka 2023 iliripoti kwamba 24% ya Walatino watu wazima Marekani wanaweza kuzungumza Kihispania kidogo tu au hawawezi kabisa, na zaidi ya nusu ya hao wamewahi kutiwa aibu na Walatino wenzao kwa sababu hiyo. Wakati huohuo 78% ya Walatino walisema si lazima kujua Kihispania ili uwe Mlatino. Kwenye fremu mtoto anaweza kutiwa aibu hiyo mbele za Mungu, na akiwa na miaka kumi na saba atakumbuka aibu kuliko mahubiri. Hata hivyo, mtoto anayebaki fremu na akakishika Kihispania hukishika kwelikweli, maana anakisali, anakiimba na kusahihishwa na mabibi kumi.

Kanisa kubwa lina walimu, vikundi vya rika, kambi, mara nyingi ibada ya vijana ya Kiingereza ghorofa ya chini wakati wazazi wako juu. Familia inaingia mlango mmoja na kuabudu vyumba viwili. Kanisa la lugha mbili linawaweka chumba kimoja, na mtoto anaona vijana wakubwa wa sura yake wakiongoza. Baada ya miezi mitatu kitabu cha kupaka rangi kilibaki garini.

Msaada siku ya shida

Mtu wa fremu akikamatwa na maofisa wa uhamiaji, simu ya kwanza ni ya mchungaji, na kabla ya saa sita mchana watu wanajua nani atachukua watoto shuleni. Kazi za kupaka rangi, usafi na kuezeka zinagawanywa baada ya ibada. Hakuna fomu. Fedha ni ndogo lakini inafika, na ikiisha zinapigwa pupusa nyingine.

Kanisa kubwa lina stoo ya chakula, madarasa ya Kiingereza, na pengine siku za wanasheria wa makaratasi. Msaada wake unafika mbali zaidi, ila lazima uujue utaratibu na ujitokeze. Kanisa la lugha mbili linakuunganisha na watu wenye ajira za ofisini, walimu, wauguzi. Kwa kijana anayetafuta chuo ni hazina. Kwa mama asiye na makaratasi anayeogopa kutaja hali yake mbele ya watu asiowajua, linaweza kuwa baridi.

Onyo moja kwa yote matatu: kwa nchi nyingi za Kilatini “notario” ni mwanasheria mwenye hadhi, Marekani ni mtu wa kushuhudia sahihi tu. Matapeli wanaishi kwenye pengo hilo na wanapenda kujitangaza kanisani. Anayejaza makaratasi yako awe wakili mwenye leseni au mwakilishi aliyeidhinishwa na serikali, hata kama anasifiwa na shemasi.

Uongozi

Kwenye fremu mtu asiye na cheti anaweza kuwa shemasi mwaka wa pili. Mfagiaji wa hoteli anayeitwa kwa jina moja kazini anaitwa “hermano”, ndugu, kwa heshima jioni, na anahubiri. Wanawake nao walipata nafasi mapema kwa njia hii: New York, Leoncia Rosado Rousseau wa Puerto Rico, Mama Leo, alichunga kanisa na kuwapokea watumiaji wa dawa ambao wengine waliwakimbia. Lakini si kila mahali. Assemblies of God huwawekea wanawake mikono ya uchungaji, Asamblea Apostólica hapana. Na hiyo ya pili hubatiza kwa jina la Yesu pekee, kwa hiyo aliyebatizwa kwa jina la Utatu aulize mapema.

Dhehebu kubwa linatoa chuo, ukaguzi wa fedha na mtu wa kumpelekea malalamiko mchungaji akikosea, jambo ambalo fremu nyingi hazina. Ila nafasi ya kuongoza Walatino waliisubiri. Kazi ya Kihispania ya Assemblies of God, iliyoanza Texas mwaka 1915 na H. C. Ball, Mzungu, ilipata msimamizi wake wa kwanza wa Kilatino, Demetrio Bazán, mwaka 1939. Kwenye kanisa la lugha mbili angalia nani yuko kwenye kamati ya fedha, usitazame waimbaji peke yao.

Kwa hali yako

Kama umefika juzi, huna makaratasi au hujui Kiingereza, fremu ya watu wa kwenu itakushika mkono kuliko mahali pengine popote. Uliza tu mapema zaka zinasomwaje na nani anazihesabu, na usikubali kila jioni ya juma iwe ya kanisa wakati watoto wako peke yao nyumbani.

Kama wewe na mwenzako mmetoka nchi mbili tofauti za Kilatini, mathalani Mmeksiko na mtu wa Honduras, kanisa kubwa linawapa uwanja ambao hakuna aliye mgeni wa mwenzake. Linawafaa pia wanaotaka kusomea huduma kwa Kihispania.

Kama watoto wameshafika sekondari na wanajibu kwa Kiingereza ukiwasemesha, kanisa la lugha mbili lina nafasi nzuri ya kuwabakiza katika imani. Lugha mtailipia wenyewe: sala za nyumbani kwa Kihispania, likizo kwa bibi, simu ndefu. Kanisa hilo halitaifanya kazi hiyo kwa niaba yenu.

Kama kwenu ni kijiji cha Wamaya au jamii nyingine yenye lugha yake, tafuteni kundi linaloomba kwa lugha hiyo hata kama ni sebuleni kwa mtu, kabla ya kuhamia Kihispania kwa sababu ya urahisi.

Kama una mzee nyumbani, usimhamishe kwa nguvu. Apelekwe kwake, afuatwe kwake.

Na kabla ya kuamua, nenda kila kanisa siku ya katikati ya juma. Jumapili kila nyumba imefagiwa. Jumatano utaona nani anabaki kukunja viti, watoto wanazungumza lugha gani uani, na mgeni asiye na gari anarudije.

Sisi Jumapili asubuhi tuko kanisa la lugha mbili, na Ijumaa mbili kwa mwezi tuko kwenye kesha la fremu ya mama mkwe. Ibada ya shukrani ya binti itafanyika kule kwenye fremu, bila dansi, na mchungaji amekubali. Gauni ni la buluu. Binti ameomba pambio moja liwe la Kiswahili, na bibi yake ameanza kujifunza maneno, ameyaandika kwa kalamu nyuma ya bahasha iliyobandikwa mlangoni mwa friji.